Dari, Mti na Mtu wa Mkono

Bodi moja ya jipsamu ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Ile ya unene wa milimita 12 hukaribia kilo 25, na karibu moja ya tano ya uzito huo ni maji. Si unyevu wa mvua wala wa stoo. Ni maji yaliyofungwa ndani ya jipsamu yenyewe, na ndiyo yanayoifanya bodi ichelewe kushindwa na moto, kwa kuwa moto hulazimika kwanza kuyafukuza. Fundi anayeipandisha bodi hiyo darini anabeba pia kama lita tano za maji yasiyomwagika. Kwa watu wawili hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa mtu mmoja ni kazi nyingine kabisa, na ndani yake kuna swali ambalo dini na falsafa zimelizunguka kwa karne nyingi: binadamu anamhitaji mwenzake kwa ajili ya nini hasa?

Mutuini iko Dagoretti Kusini, pale jiji la Nairobi linapopanda kuelekea magharibi na kukutana na mashamba ya familia. Zamani upande huo ulihesabiwa kuwa Kiambu, na ardhi nyingi bado ni ya urithi. Baba aliwagawia wanawe, wanawe wakagawa tena, na palipokuwa na majani ya ng'ombe sasa pana nyumba za kupangisha. Ni upande wa baridi. Julai ikifika, nyumba ya mabati isiyo na dari hutona matone alfajiri hata kama hakuna mvua, na mvua yenyewe ikija, watu wawili walioketi meza moja hawasikilizani. Wazee walipiga sofutibodi. Vijana wao wanataka jipsamu iliyonyooka, yenye taa ndani yake.

Lakini dari hufungwa mwishoni, wakati mfuko umekwisha kukauka. Mawe yamenunuliwa, mabati yamenunuliwa, nyaya za umeme zimepitishwa. Mwenye nyumba anapopiga hesabu, kitu cha kwanza kukatwa ni mtu wa mkono, yule msaidizi wa fundi. Chumba cha kumi kwa kumi ni bodi nne tu, anasema. Fundi mmoja atamaliza. Na kweli fundi mmoja humaliza.

Namna yenyewe mafundi wanaijua. Kwanza anapigilia ubao mwembamba ukutani, chini kidogo ya fremu, akiacha nafasi ya kupita unene wa bodi. Kisha anaunda mti wa T: ubao mrefu wa mbili kwa mbili, na juu yake kipande cha kukingama cha kama mita moja. Siri ya mti huo ni kimo chake. Unatakiwa uzidi kidogo urefu wa kutoka sakafuni hadi pale uso wa bodi utakapokaa, ili ukisukumwa usimame uking'ang'ania. Fundi anapanda jukwaa akiwa na bodi kichwani, kofia au kitambaa kilichokunjwa katikati. Ukingo mmoja anauingiza juu ya ule ubao wa ukutani. Upande wa pili anausukuma kwa kichwa, na mkono mmoja unautafuta mti wa T uliosimamishwa karibu. Mti ukishaingia chini ya bodi, anashusha pumzi. Anaweka mti wa pili. Ndipo anachukua drili na kuanza skrubu, moja baada ya nyingine, kila baada ya sentimita 20 hivi. Wapo wanaokata bodi nusu ili iwe nyepesi, na hapo wanalipia nafuu hiyo baadaye: viungo vinaongezeka, fila inaongezeka, na kila kiungo ni mahali ufa unapoweza kuanzia.

Mti huo hauna kasoro kwa kazi yake. Haupungui nguvu, hautetemeki, hauangalii saa. Bodi ikikaa juu yake saa nzima, haitashuka hata milimita. Basi ikiwa mti unatosha, mtu alikuwa wa nini?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kuna mtu aliyekuwa na tatizo la fundi wa dari. Waisraeli wanapigana na Waamaleki bondeni, na Musa amesimama kilimani akiwa na fimbo ya Mungu. Mikono yake ikiwa juu, watu wake wanashinda; ikishuka, wanashindwa. Yeyote aliyewahi kufunga skrubu darini kwa nusu saa anajua mikono ile ilifika wapi. Mabega huwaka, damu hushuka, vidole hufa ganzi. Imani ya Musa haikupungua, lakini misuli haijui imani. Wakafanya mambo mawili. Walimletea jiwe akalie, kisha Haruni na Huri wakasimama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaishikilia mikono yake mpaka jua likachwa.

Mahubiri mengi hukimbilia kwa Haruni na Huri na kulipita jiwe. Lakini jiwe limo katika habari, na halikuwekwa bure. Msimulizi hakuona aibu kusema kwamba nabii alihitaji kitu cha kukalia. Jiwe lilibeba mwili, watu wakabeba mikono, na hakuna mahali paliposemwa kwamba jiwe ni msaada wa daraja la chini. Kwa wale wanaodhani kwamba kutumia chombo badala ya mtu ni kumkimbia jirani, habari hiyo inatoa jibu la utulivu: vyote viwili vilitumika kilima kimoja, siku moja. Palipo na jiwe la kutosha, mtu hageuzwi jiwe.

Aibu ya kuomba msaada nayo ni ya kale. Marko Aurelio, aliyetawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia katika daftari lake la Kigiriki kuhusu askari mwenye kilema anayetakiwa kuuparamia ukuta wa adui. Peke yake hawezi, akisaidiwa anaweza. Basi aibu iko wapi, mfalme anajiuliza, ikiwa wajibu wake ni kuufikia ukuta? Maneno hayo yana uzito wa pekee kwa kuwa yametoka kwa Mstoiki, mfuasi wa shule iliyosifu mtu anayejitosheleza moyoni. Hata yeye aliona kwamba kujitosheleza kwa moyo ni jambo moja, na ukuta wa mawe ni jambo jingine.

Hata hivyo, Mutuini haihitaji kwenda Roma kutafuta fikra juu ya nyumba na mikono. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya Wagikuyu, alieleza jinsi nyumba ilivyojengwa siku moja. Vifaa vilikusanywa mapema: wanaume walikata miti, wanawake walikata nyasi za kuezekea. Siku yenyewe ilipofika, marafiki na majirani walikuja, na kabla ya usiku nyumba ilikuwa imesimama na moto umewashwa ndani. Haraka hiyo ilikuwa na sababu ya kidini. Nyumba mpya iliyolala bila watu iliogopwa kwamba pepo wabaya wangeingia na kuifanya makao yao. Kwa hiyo ilibidi imalizike kabla jua halijatua, na hakuna mtu mmoja duniani awezaye kuimaliza nyumba kabla jua halijatua. Imani yenyewe ilidai wengi. Mtu asiyekuwa na majirani hakuweza kutii mwiko huo hata angetaka.

Kilimo nacho kilikuwa na ngwatio, ule mpango wa kulimiana kwa zamu: leo shamba langu, kesho lako. Hapo ndipo jambo linapokuwa wazi kuliko katika hotuba nyingi za umoja. Ngwatio haikuwa sadaka. Ilikuwa deni lililozunguka. Aliyekuja kwako alijua utakwenda kwake, na wewe ulijua kwamba anajua. Kila jembe lililoinuliwa shambani kwako lilikuwa linaandikwa mahali fulani, ingawa si kwenye karatasi.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliwapa wasomi wa Afrika maelezo maarufu kuliko yote ya jambo hili. Katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika alifundisha kwamba mtu wa jadi hakujiona kuwa yupo isipokuwa kwa kuwa jamii yake ipo. Fundisho hilo limerudiwa makanisani, kwenye harusi na kwenye mikutano ya siasa mpaka makali yake yamelainika. Likisemwa haraka, linageuka picha ya watu waliopendana tu bila hesabu, waliogawana kila kitu kwa tabasamu. Picha hiyo ni nzuri, na si kweli.

Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, alifanya jambo la maana zaidi. Badala ya kuieleza hekima ya Kiafrika kwa jumla, aliwaendea wazee mmoja mmoja akawauliza wanafikiri nini, kisha mwaka 1990 akachapisha majibu yao. Mmoja wao, Paul Mbuya Akoko, aliulizwa juu ya ujamaa wa Wajaluo wa zamani. Hakusema kwamba watu waligawana mali kwa ukarimu. Alisema ulikuwa ushirikiano wa aina nyingine: mwenye ng'ombe wengi aliwasambaza kwa wasio nao ili wawachunge, hao nao wakapata maziwa, lakini ng'ombe walibaki wake. Kila boma likawa na ng'ombe wa kukamua, na kila mtu alijua ng'ombe ni wa nani.

Jibu la mzee huyo ni la thamani kubwa, kwa sababu linamheshimu mtu wa zamani kama mtu mwenye akili na hesabu. Jamii haikushikana kwa kusahau madeni. Ilishikana kwa kuyakumbuka. Aliyechunga ng'ombe wa jirani alikuwa na sababu ya kumjulia hali, na mwenye ng'ombe alikuwa na sababu ya kutaka boma lile lisimame.

Sasa mti wa T unaonekana kwa sura nyingine. Mti haudai kitu. Ukishatumika, unaegeshwa kona, na fundi hana haja ya kuukumbuka. Hataitwa kwenda kuushikilia mti huo bodi yake. Hataulizwa msibani kwa nini hakuonekana. Hapo pana uhuru wa kweli, na si haki kuudharau.

Kwa maana nchi hii inajua pia msaada usioweza kukataliwa. Mwaka 1947 wilayani Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, watu waligomea kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba kwa jina la kazi ya pamoja. Wanawake ndio waliokuwa wamebebeshwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mwaka uliofuata walisimama wenyewe kuikataa. Ardhi ilihitaji matuta, hilo ni kweli. Lakini kazi ya pamoja inayosimamiwa na chifu mwenye amri ya kutoza faini si ngwatio, hata kama majembe ni yale yale. Baada ya uhuru, harambee ilijenga shule na zahanati kwa michango ya watu wenyewe, na hilo ni jambo la kujivunia. Kisha ikafika mahali mchango ukadaiwa na afisa aliyeshikilia huduma ya mtoaji, mpaka sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka. Mtu aliyekulia katika historia hiyo akipendelea mti kuliko mtu, asiambiwe upesi kwamba amepotea njia ya mababu. Huenda amechoka kudaiwa na wasiomsaidia.

Basi kosa la kufunga dari peke yake haliko kwenye upweke wenyewe. Watawa wa jangwani waliishi peke yao na kanisa likawaita watakatifu. Mwanafalsafa wa Andalusia, Ibn Tufayl, katika karne ya 12 alitunga kisa cha mtoto aliyekua kisiwani bila mtu na bado akamfikia Mungu kwa kutafakari. Upweke unaweza kuwa shule. Shida inaanza pale upweke unapoamuliwa na mtu ambaye si yeye atakayesimama chini ya bodi. Mwenye nyumba aliyekata malipo ya mtu wa mkono amebaki chini, salama. Mzigo alioupunguza mfukoni mwake ameuhamishia shingoni mwa mwenzake.

Na hatari yenyewe ina sura maalumu. Fundi aliyeibana bodi kwa kichwa hawezi kutazama juu. Anachokiona ni ukuta ulio mbele yake. Haoni kwamba mguu wa mti wa T umeanza kuteleza kwenye vumbi la sakafuni, wala kwamba ubao wa jukwaa umesogea. Mti unabeba vizuri kuliko mkono wa mtu, lakini hauoni. Hauwezi kusema, "Ngoja kwanza, usikanyage hapo." Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, nayo inamgusa hata aliyejiajiri mwenyewe. Lakini katika chumba kimoja cha ploti ya Mutuini, mchana wa wiki, mlango umefungwa ili vumbi lisitoke, sheria haina macho mengine isipokuwa ya mtu aliye chumbani. Fundi akianguka, ni nani atakayejua kabla ya jioni?

Mtume Muhammad aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hushikana, kisha akaingiza vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine. Bukhari, mmoja wa wapokezi wa hadithi hiyo, ameihifadhi ishara pamoja na maneno. Ishara hiyo inaongeza kitu. Vidole vilivyoingiliana havishikiliani upande mmoja. Kila kimoja kinabana na kinabanwa. Mti wa T unabana tu. Hauna kitu ambacho fundi anaweza kuushikia.

Mtu anaweza kujibu kwamba mtu wa mkono wa Nairobi si jirani wa ngwatio. Ni kibarua. Amechukuliwa asubuhi kwenye kundi la vijana wanaongoja kazi, jioni atalipwa na kuondoka, na deni litakuwa limekwisha. Ni kweli kwamba malipo yanakata sehemu ya deni, na dini zote mbili kubwa za nchi hii zimekazania yakatwe mapema. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake uko kwenye ujira huo. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Huo ni ulinzi wa mnyonge, na wanaozungusha vibarua mpaka Jumamosi ya wiki ijayo wanavunja amri wanazozisikia Ijumaa na Jumapili.

Ila kuna sehemu ambayo shilingi haiifikii. Kwa nusu dakika, kabla skrubu ya kwanza haijashika, fundi ameweka kichwa chake chini ya kilo 25 akiamini mikono ya kijana ambaye jana hakujua jina lake. Kijana naye ameamini kwamba fundi hataachia upande wake ghafla. Hakuna aliyewalipa kwa kuaminiana huko, wala hakuna bei yake. Wakishafunga bodi nne wanajuana kwa namna ambayo watu waliokaa gari moja kutoka mjini mpaka Dagoretti Market hawajuani.

Halafu kuna jambo ambalo wenye nyumba hulifikiria mara chache zaidi, na pengine ndilo zito kuliko yote. Mafundi wengi wa jipsamu hawakujifunza kazi hiyo darasani. Walianza kama watu wa mkono. Walishikilia bodi, wakapitisha skrubu, wakachanganya fila, huku macho yakiwa kwa fundi: anapima wapi, anakata karatasi ya bodi kwa kisu upande gani kabla ya kuivunja, anaacha nafasi gani ukutani. Baada ya muda fundi akawaachia kona, kisha chumba. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya na kupata cheti ambacho kontrakta mkubwa atakikubali.

Mti wa T ungeshikilia bodi maelfu na usingejifunza lolote. Kila mara hesabu inapomkata mtu wa mkono, inakatwa pia nafasi ya kijana mmoja kusimama karibu na ujuzi. Wenye ploti Mutuini hulalamika kwamba mafundi wazuri wamekuwa adimu na ghali, na malalamiko hayo yana ukweli. Sehemu ya uhaba huo wameipanga wao wenyewe, chumba baada ya chumba.

Fundi mwenye busara hufanya kama walivyofanya kilimani pa Kutoka: anaunda mti wa T na anakuja na kijana. Mti unabeba uzito, hivyo kijana hana haja ya kuvunjika mgongo kama zamani. Mikono yake ikiwa huru, anaweza kupewa drili. Fundi anashuka jukwaani, anatazama kutoka sakafuni, na kumwonyesha pale fremu inapopita, ili skrubu isiingie hewani.